Bomba la Marehemu na Kiti Kinachopanda Chenyewe

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu zangu mkiwa wa kwanza, kaeni vizuri na mfute kabisa yale mliyosikia kwa watu wa Mjimwema hapa Njombe, kwa sababu habari hii wanaisimulia vibaya. Wanasema nilirushwa na baiskeli mpaka juu ya paa la duka. Uongo. Sikurushwa popote. Nilikaa chini, basi, ila nilikaa ndani ya beseni la ulanzi, ile pombe ya mianzi, mchana kweupe, Makambako, mbele ya watu wazima na akili zao, nikiwa nimevaa kitenge changu cha kanisani. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, na nimeitaja mwanzoni ili asitokee mtu wa kunitishia nayo. Mimi shule niliishia darasa la nne, mkikuta herufi imelala ichukueni hivyohivyo, lakini mambo nitayaweka yalivyokuwa.

Kwanza mjue kwamba mimi ni fundi baiskeli. Babu yenu ndiye aliyekuwa na kibanda pale barabarani, nikawa nampelekea chakula, halafu nikawa namshikia gurudumu, halafu nikaanza kumsahihisha (hilo hakulipenda), na alipofariki watu walidhani kibanda kile kitageuka cha nyanya. Matanga yalipoisha nilifungua mlango, nikakaa kwenye kigoda chake, nikaziba pancha.

Baiskeli za siku zile zilikuwa za kazi. Zilibeba magunia ya viazi, mbao, madumu ya ulanzi, mara nyingine mgonjwa. Kiti kikilegea mteremkoni na gunia liko nyuma, mtu anakufa, na huku kwetu mteremko hauko mbali na mlango wa mtu yeyote. Kwa hiyo babu yenu alikuwa na bomba la chuma, urefu wa mkono, analichomeka kwenye mpini wa spana ili nguvu iongezeke, na sheria yake ilikuwa moja: kaza mpaka chuma kilie. Kisipolia bado hujakaza. Nikaishika sheria hiyo tangu nikiwa na meno yote mpaka siku ninayoisimulia, na hakuna kiti kilichotoka mikononi mwangu kikacheza.

Sasa Filomena. Huyu ni binti wa mwanangu wa kwanza, anaishi kwangu, ana miaka ishirini na miwili na miguu ya kupandia milima. Kuna kampuni inayopeleka wageni kuendesha baiskeli kule juu kwenye hifadhi ya maua ya Kitulo, wanashuka nazo upande wa Matamba, ikawa inatafuta mtu wa kuwaongoza. Waliomba wengi, wakaitwa watatu, anatakiwa mmoja. Kila mmoja akapewa baiskeli ya kufanyia mazoezi wiki mbili, na Jumamosi wakutane wote Makambako wajaribiwe. Filomena alikuwa ameshakaa nyumbani miaka miwili tangu amalize shule, analima viazi vyangu bila kulalamika, lakini namuona anavyoitazama barabara. Kazi ile aliitaka. Mimi nilimtakia kuliko alivyoitaka mwenyewe, ila sikumwambia, maana mtoto ukimwambia sana anapata woga.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kujaribiwa, mvua imenyesha, udongo umekuwa sabuni, akawa anashuka kuja nyumbani na ndama wa jirani akaingia barabarani. Filomena akachagua mtaro. Nilimuona anakuja anasukuma, kiwiko kinatoka damu, kiti cha baiskeli kimetazama pembeni.

"Bibi, kiti hakipandi," akasema.

Nikamwambia kiti hakina kazi ya kupanda, kazi yake ni kukaliwa.

Ndipo akanionesha. Baiskeli ile nguzo ya kiti chake ni bomba ndani ya bomba, na kwenye usukani kuna kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba. Ukikalia na kubonyeza, kiti kinashuka. Ukijiinua na kubonyeza tena, kinapanda chenyewe kwa hewa iliyofungiwa ndani. Mteremkoni unakishusha ili mwili ukae nyuma usije ukapaa kupita usukani, mlimani unakipandisha ili miguu inyooke upate nguvu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana nilikumbuka wanaume niliowaona wakipaa kupita usukani na viazi vinawafuata. Aliyebuni kitu kile ana akili, nalisema waziwazi. Lakini baada ya ajali kiti kilikuwa kimebaki chini kabisa, na Filomena akipanda mlima magoti yanamfika masikioni kama chura.

"Nitawapigia simu waje waitengeneze," akasema, "ila watajua nimeanguka."

"Hakuna kupiga simu," nikamwambia. "Kwenye nyumba ya fundi hatuagizi fundi."

Ijumaa asubuhi nikaifungua. Na hapa mniache nijisifu kidogo, kwa sababu sehemu hii niliifanya vizuri na hakuna anayeisimulia. Sijawahi kuona nguzo ya namna ile maishani mwangu. Nikaichomoa polepole, nikakuta chini yake kuna mkono mdogo wa chuma unaovutwa na waya mwembamba unaopita ndani ya fremu mpaka kwenye usukani, na ajali ilipousukuma usukani, waya ulivutwa ukatoka kwenye ndoano yake na ganda la nje likajikunja. Basi. Hewa haikutoka, chuma hakikupinda. Kwenye kopo langu nilikuwa na waya mpya wa gia na ganda lake, nikapima, nikakata, nikaupitisha (nusu saa nzima nauwinda waya ndani ya fremu na Filomena ananimulikia kwa simu), nikaunganisha, nikarudisha nguzo mahali pake. Nikabonyeza. Kiti kikapanda chenyewe, taratibu, kama mzee wa heshima anayeinuka kanisani, na kilipofika juu kikasema tok. Nikakishusha, kikapanda. Mara tatu. Filomena akanikumbatia mpaka miwani ikahama.

Hapo ningeenda kunawa mikono, leo msingekuwa mnasoma kitu.

Ilikuwa imebaki ile pete inayobana nguzo isizunguke. Bolti yake moja, ndogo, ya kukazwa kwa alenki, ile funguo ya chuma iliyopinda. Nikaikaza kwa mkono. Haikulia. Nikachukua bomba la babu yenu.

"Bibi, hiyo haikazwi sana," Filomena akasema. "Imeandikwa namba hapo pembeni, kiasi cha kukaza."

"Namba wameandikiwa wasio na mikono."

"Bibi, walitufundisha kabisa."

"Walikufundisha kuanguka?" nikamuuliza, na hilo halikuwa jibu, nilijua halikuwa jibu, lakini lilimnyamazisha, na mimi nilitaka anyamaze. Nikakaza. Chuma kikalia. Nikaridhika. Sikukijaribu tena kile kiti, kwa sababu nilikuwa nimeshakijaribu mara tatu, na saa ya sala ya jumuiya ilikuwa imefika, na fundi anayejijua hajaribu kazi yake mara nne kama mtu mwenye wasiwasi. Nikaifunika baiskeli kwa shuka nikapiga marufuku mtu kuigusa.

Jumamosi tukaenda na gari la viazi la jirani, baiskeli juu ya magunia, sisi mbele na dereva. Mimi sikuitwa Makambako. Nilijiita. Nilivaa kitenge cha kanisani na sweta la zambarau, nikabeba kikapu chenye kopo la bolti, spana, alenki na lile bomba, kwa sababu moyoni nilishaona watu wakiuliza nani katengeneza hii, na mimi nikitokea. Mwenye kiburi anajiandaa mapema, mimi ni shahidi.

Walikutana kwenye uwanja nyuma ya yadi ya mbao, panapoanza njia ya kushukia bondeni. Siku ile watu walikuwa wengi, wapakia mbao, wanaorudi sokoni, na mama mmoja anaitwa Mama Konjesta aliyeegesha baiskeli yake ya madumu akaweka beseni kubwa la ulanzi wa asubuhi, akawa anauza kwa kikombe. Aliyewajaribu vijana anaitwa Edgar, kijana mpole wa sauti, mwenye daftari. Akanisalimia vizuri.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mimi ndiye bibi yake Filomena," nikasema, hakuniuliza.

Akakagua baiskeli za wale vijana wawili wengine, zikawa sawa. Akafika kwa Filomena, akaona waya mpya. "Hii imefunguliwa. Ilipata nini?"

"Nilianguka Alhamisi," Filomena akasema bila kuficha. "Bibi yangu ameitengeneza."

"Bibi yako huyu?"

Basi hapo ndipo nilipoingia katikati ya uwanja. Wapakia mbao walisogea, Mama Konjesta akasogea na beseni lake (hataki kuacha biashara nyuma), nami nikaanza kueleza, waya ulivyotoka, ganda lilivyojikunja, na jinsi ambavyo ufundi haubadiliki hata chuma kikibadilika. Edgar akataka kubonyeza. Nikamwambia asubiri, nitamuonesha mwenyewe. Nikakunja kitenge, nikapanda baiskeli, nikabonyeza. Kiti kikashuka na mimi kwa shida, kikikwaruza ndani, mpaka miguu ikakaa chini sawasawa. Watu wakasema aah. Nikajiinua, nikabonyeza tena ili kiti kipande.

Hakikupanda.

Nikabonyeza tena. Nikasema kinapumua, kimetoka safari. Mpakia mbao mmoja akasema, "Bibi, kimelala hicho, kiimbie," na wenzake wakaanza kweli kukiimbia wimbo wa kubembeleza mtoto. Nikakivuta kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa muhogo. Kimya.

Edgar akafungua daftari. "Filomena, baiskeli yako haiko tayari. Kule juu ukiwa na wageni sita na ukungu umeshuka, huwezi kuniambia haiko tayari." Alisema kwa upole, lakini kalamu ilikuwa imeshashuka kwenye karatasi.

Sasa mtu mwenye busara angefanya nini? Angeuliza. Mimi nikaona tatizo ni kwamba sikukaza vya kutosha, kitu kimelegea ndani, ndiyo maana hakina nguvu. (Msicheke bado, cheko liko mbele.) Nikatoa alenki, nikatoa bomba la babu yenu, nikalichomeka.

"Bibi," Filomena akasema taratibu.

"Shika kile kidude cha usukani, kibonyeze usiachie. Nikimaliza kitapanda."

Akakishika. Nikaegemeza uzito wote, na uzito ninao. Chuma kikalia. Nikaongeza. Kikalia zaidi, halafu kikakatika.

Nilirudi nyuma hatua nyingi za haraka na bomba langu mkononi, nikisikia watu wakisema shika bibi, shika bibi, na hakuna aliyeshika, nikakaa. Ulanzi ulikuwa wa baridi. Ulinipanda mpaka kiunoni na uliobaki ukaruka ukamwagikia wapakia mbao, ambao mmoja wao alijilamba. Mimi ambaye sijaonja ulanzi tangu nipate kipaimara, ambaye nimewafukuza walevi kibandani kwa ufagio, nilikuwa nimekaa ndani yake kama mtoto anayeogeshwa.

Na nikiwa hapohapo ndani ya beseni, kabla hata hawajaanza kucheka vizuri, nikaona. Filomena alikuwa bado amekishika kidude. Bolti ilipokatika, pete ikalegea, na kile kiti kikapanda. Chenyewe. Taratibu, mpaka juu, tok.

Uwanja mzima ulikiangalia kiti, ukaniangalia mimi. Hata asiyejua baiskeli alielewa. Nguzo ile haikuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa nimeikaba koo, nikashangaa kwa nini haipumui, nikaikaba zaidi.

Mama Konjesta ndiye aliyeanza. "Mama, kikombe ni kimoja kimoja, wewe umeninywea beseni zima kwa makalio."

Walicheka, jamani, walicheka mpaka mmoja akashika rundo la mbao asianguke. Wakanivuta nikatoka na mlio ambao siuandiki hapa. Nikasimama, kitenge kinachuruzika, harufu yangu inafika kabla yangu, nikaona Edgar bado ana kalamu. Nikaenda mpaka mbele yake.

"Usimfute," nikamwambia. "Huyu aliniambia jana nisikaze. Alinionesha na namba. Nilimnyamazisha. Kosa ni langu peke yangu na watu wote hawa wamesikia."

Edgar akamgeukia Filomena. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwachia akaze, na leo tena ukamwachia?"

"Ni bibi yangu," Filomena akasema, ameinamisha uso.

"Wageni wengine wanaokuja ni wakubwa kama bibi yako, na wakali. Akisema anashuka na breki mbovu utamwachia kwa sababu ya mvi zake?"

Kuniachia kule alijifunza kwangu. Nimemlea kwa kumwambia nyamaza. Nilidhani ni adabu.

Edgar akatazama njia ya bondeni, wale wawili wameshateremka na wanapanda kurudi. "Bila bolti huwezi kushuka. Kama ipo nyingine, nawapa muda mpaka hawa wafike."

Nikamwaga kopo langu chini. Zote nene au fupi. Macho yakaniangukia kwenye baiskeli ya Mama Konjesta, kwenye keria ya madumu, bolti na nati yake, unene uleule. Nikamgeukia, nikaanza na salamu ya kikwetu. Hakuna kitu kigumu kama kumuomba mtu ambaye umekaa ndani ya mali yake.

"Mama Konjesta, kamwene. Naomba bolti moja ya keria."

"Sasa bolti tena? Subiri utamaliza na baiskeli."

"Nitakutengenezea breki. Nimeziona, hazishiki hata kidogo. Na keria nitakufungia upya."

Akanitazama juu mpaka chini, nachuruzika. "Breki zote mbili," akasema. "Na usije ukazikaza wewe, akaze huyo binti."

Nikaifungua bolti. Kile kipande kilichokatika nikakisukuma kwa msumari kikatoka na nati yake, nikapitisha bolti ya keria, nikaweka nati, nikatia spana namba kumi. Nikakaza kwa mkono. Haikulia. Na mkono wangu, naapa sikuutuma, ukainama wenyewe kuliokota lile bomba.

Filomena akalikanyaga.

"Hapana, Bibi."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliniambia hapana. Mbele za watu. Nikamuangalia kwa lile jicho langu mnalolijua, hakuliondoa lake. Mguu wake ulikuwa palepale juu ya chuma.

"Liache hapo. Chukua spana kwa vidole viwili. Nikisema basi, acha."

Nikachukua spana kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kijiko cha dawa, nikazungusha kidogo, nikazungusha tena.

"Basi," akasema.

Ilikuwa bado laini kabisa. Kila kidole nilichonacho kilitaka kuongeza. Nikaacha.

Akapanda, akakishusha kiti, akakipandisha, tok, akakishusha tena, na wale wawili walipotokea juu wakihema yeye akaanza kuteremka. Alipita kwenye mizizi na mawe ya bonde lile akiwa amekaa nyuma, mwili umelegea, kiti kiko chini hakimsumbui, na alipofika mlima wa kurudi nikakiona kiti kinapanda na miguu inanyooka na mdundo haukatiki. Wale wapakia mbao walioniimbia walikuwa wanamshangilia kwa jina. Mimi nilisimama nimejaa ulanzi na inzi, na sijawahi kusimama wima namna ile, hata siku ya ndoa yangu.

Edgar aliandika jina lake. Akamwambia wazi kwamba wenzake wanaendesha vizuri sawa na yeye, hawakumzidi wala hakuwazidi. "Nimekuchagua pale ulipoweka mguu juu ya bomba," akasema. Halafu akaniambia, "Bibi, asante kwa kusema ukweli," nami nikamjibu karibu Njombe, ila asisogee sana kwa sababu ya harufu.

Breki za Mama Konjesta tulizitengeneza palepale, na aliyezikaza ni Filomena. Dereva wa viazi alikataa nikae mbele. Nilirudi juu ya magunia, baridi yote ya njiani ikinikausha, na Filomena alikataa kukaa mbele bila mimi, akapanda tukakaa wote, baiskeli katikati. Karibu na kufika nikamuuliza ile namba iliyoandikwa pale kwenye pete inasomwaje, akanionesha kwa kidole, nami nikaisoma.

Tulipofika nilikusanya nyumba nzima uani kabla sijaoga, ili wanaoniona wanione nilivyo, na nikatoa amri, nayo ni hii mpaka leo: "Bomba la marehemu lichimbiwe pale ukutani, liwe la kufungia kamba ya nguo, na atakayeling'oa atakula kwa jirani. Na kwenye nyumba hii, anayekijua chombo akisema basi, hata kama ni mtoto wa jana, mkono unasimama, wangu wa kwanza. Haya, Filomena, funga kamba. Kitenge changu ndicho kitaanikwa kwanza."